Namna ya Kupata Wenzako wa Kitaaluma Unaposoma Shahada za Juu Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Mwanafunzi wa uzamili kwa kawaida hauoni upweke mpaka siku masomo ya darasani yanapokwisha. Wakati wa vipindi kuna ratiba, kuna kazi za makundi, kuna mitihani, na kuna wenzake wa kuulizana nao mada ya jana. Mara tu anapopangiwa msimamizi na kuambiwa akaandike pendekezo la utafiti, kila mmoja hushika njia yake: huyu anarudi kazini Temeke, yule anakwenda Mtwara kukusanya data, na mwingine anahama hosteli kwa kukosa kodi. Mwanafunzi wa uzamivu anayesoma kwa njia ya tasnifu pekee, bila vipindi, huanza safari yake akiwa tayari ndani ya ukimya huo. Nimewaona watu wenye akili kali wakikaa miezi minane bila kuandika ukurasa mmoja, nao walikuwa na la kuandika. Kilichokosekana ni mtu ambaye angeusoma ukurasa huo wiki hiyo.

Tunapotamka neno jumuiya, wengi hufikiria kitu kilichokwisha kuundwa, chenye mlango na mwenyekiti, kinachomngoja mtu aje kujiandikisha. Jumuiya ya aina hiyo ipo, na nitaieleza mbele. Lakini ile inayombeba mwanafunzi hadi siku ya kutetea tasnifu huanza kwa jambo dogo zaidi, nalo ni mtu kumpa mwenzake ukurasa ambao bado haujakaa sawa, na mwenzake kuusoma kwa makini. Hatua zote zilizomo katika mwongozo huu zinalenga kukufikisha hapo.

Hatua ya kwanza: Andika majina, uone pengo liko wapi

Chukua karatasi na uandike aina za msaada unaouhitaji, kila moja katika mstari wake. Unahitaji mtu wa kusoma rasimu. Unahitaji mtu anayezijua njia za ofisini, yaani anayejua kwamba barua ya ruhusa ya utafiti kutoka chuoni hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ikashuka wilayani na kwenye halmashauri hadi kumfikia mtendaji wa kata, na anayeweza kukuambia ukweli kuhusu muda unaopotea katika kila kituo. Unahitaji mtu wa mbinu, awe wa takwimu au wa kuchambua mahojiano. Unahitaji mtu aliye ndani ya mada yako, ambaye makala mpya ikitoka atakukumbuka. Na unahitaji mtu wa kumwambia kwamba umechoka, bila kuogopa kwamba atakushusha hadhi.

Sasa andika jina la mtu mbele ya kila mstari. Wanafunzi wengi niliowafanyisha zoezi hili huandika jina moja katika mistari yote mitano, na jina hilo ni la msimamizi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namngoja msimamizi wangu anisomee rasimu, anieleze fomu, anifundishe kuchambua data na anitie moyo, huku yeye akiwa na vipindi vya shahada ya kwanza, vikao vya utawala na wanafunzi wengine wengi wa kuwasimamia. Rasimu yangu ilikaa kwake wiki kumi na moja. Nilimlaumu kwa muda mrefu, mpaka nilipotambua kwamba nilikuwa nimemtwika mtu mmoja mzigo wa watu watano.

Hatua ya pili: Soma kurasa za shukrani

Hatua hii haigharimu chochote, na sijui kwa nini watu wachache huifanya. Nenda maktaba ya chuo chako, kwenye sehemu ya tasnifu. Kwa walio Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ina nafasi ya kutosha ya kukaa na kusoma kwa utulivu. Tafuta tasnifu za idara yako za miaka mitano iliyopita, kisha kabla ya kugusa sura ya kwanza, soma ukurasa wa shukrani wa kila moja na uandike majina yanayojirudia.

Utaona mambo ambayo hakuna mtu angekueleza. Utamwona mhadhiri asiye msimamizi wa yeyote kati ya waandishi hao, ambaye hata hivyo ameshukuriwa na watu wanne kwa kusoma sura zao. Huyo ni mtu mwenye mkono wazi, na inafaa umfahamu mapema. Utaona kwamba waandishi watatu waliohitimu mwaka mmoja wanashukuriana wao kwa wao, ishara kwamba walikuwa na kikundi. Utaona jina la mkutubi, la karani wa idara, la mtu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu aliyewasaidia kupata data. Hiyo ndiyo ramani ya watu wa fani yako katika mji huu, na imechorwa na wale waliokwisha kuipita njia.

Mlimani, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinavyoitwa, kuna mfano mkubwa wa jambo hilo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Katika dibaji aliwashukuru kwa majina Karim Hirji na Henry Mapolu wa chuo hicho, kwa kuusoma mswada wake kwa jicho la uhakiki. Kisha akakataa kuandika ile sentensi tuliyoizoea, kwamba makosa yote ni ya mwandishi peke yake, kwa hoja kwamba dhamana ya kazi ya namna hiyo ni ya pamoja. Huyo alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London, akiwapa vijana wa chuo alichofundisha mswada ambao haujachapwa na kusikiliza waliyosema. Ninapokutana na mwanafunzi anayeona haya kumwonyesha mwenzake rasimu, humweleza habari hiyo.

Hatua ya tatu: Ijue idara yako kabla hujawa na la kuwasilisha

Idara nyingi zina semina ambazo walimu na wanafunzi wa shahada za juu huwasilisha kazi zao, na mara nyingi wanaohudhuria ni wale tu waliolazimika. Hudhuria tangu muhula wa kwanza, wakati ambao bado huna cha kuwasilisha na hakuna anayekupima. Muulize mratibu wa shahada za uzamili wa idara yako ratiba ya mawasilisho ya mapendekezo na ya utetezi wa tasnifu, na uulize ni yapi yaliyo wazi kwa wanafunzi wengine. Kumwona mtu wa fani yako akitetea kazi yake mbele ya watahini hukufundisha zaidi ya semina tatu za mbinu, kwa sababu hapo ndipo unaposikia maswali yatakayoulizwa siku yako.

Ukiwa ndani ya semina, uliza swali moja, liwe fupi na lihusu jambo ambalo mwasilishaji amelisema kweli. Halafu usiondoke. Dakika kumi baada ya semina, watu wanapokuwa wamesimama kwenye korido na vikombe vya chai, ndizo zenye thamani. Mfuate mwasilishaji, mwambie kipande kimoja kilichokugusa, na umwombe akutumie makala moja aliyoitaja. Mtu aliyekuwa akijiuliza kama kuna yeyote aliyemsikiliza hatakusahau.

Wape kipaumbele waliokutangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Profesa amesahau jinsi fomu ya kuhamisha msimamizi inavyojazwa. Kaka au dada wa mwaka wa tatu aliijaza mwezi uliopita na bado ana nakala yake kwenye simu.

Hatua ya nne: Tuma ujumbe wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kuogopa kusumbua. Kwa mwanafunzi mwenzako, ujumbe ufuatao unatosha: "Habari za leo, dada. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa mwaka wa pili, tulikaa pamoja kwenye semina ya Alhamisi. Ninaandika kuhusu usafiri wa wanafunzi wa sekondari, na swali lako kuhusu sampuli lilinifikirisha. Nina kurasa tatu za utangulizi ambazo bado hazijatulia. Je, unaweza kunisomea kufikia Jumatatu? Na mimi niko tayari kusoma chochote ulicho nacho." Zingatia kwamba ujumbe huo unataja idadi ya kurasa, unataja siku, na unatoa kabla ya kupokea. Ombi la "naomba unisaidie kwenye tasnifu yangu" halijibiki, kwa kuwa anayeombwa hajui kama ataombwa dakika kumi au mwaka mzima.

Kwa mwalimu usiyemfahamu, heshima itangulie lakini isimeze hoja. Mwandikie kwa cheo chake, iwe Profesa au Dokta, na kama ni mtu wa makamo ya wazazi wako na unaandika kwa Kiswahili, "Shikamoo" ni mlango unaofunguka vizuri. Jitambulishe kwa sentensi moja, utaje kazi yake uliyoisoma na mahali ilipokusaidia, kisha uulize swali moja ambalo yeye anaweza kulijibu kwa aya moja. Usimwambatishie sura nzima. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole, na kisha umwendee ofisini saa alizotenga kwa wanafunzi. Kutojibiwa barua pepe katika mji huu mara nyingi maana yake ni kwamba sanduku limejaa, na mtu huyohuyo ukimkuta uso kwa uso anaweza kukupa nusu saa.

Hatua ya tano: Unda kikundi cha rasimu

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, nami nitakaa nayo.

Tafuta watu watatu au wanne; ukijumlisha na wewe msizidi watano. Si lazima wawe wa idara moja, na kwa kweli ninapendelea angalau mmoja atoke nje ya fani yenu, kwa sababu atauliza maswali ambayo ninyi mmekwisha kuyazoea. Kipimo cha kumchagua mtu ni kimoja: je, atasoma? Urafiki utakuja wenyewe. Mtu mcheshi asiyesoma ataua kikundi katika mwezi mmoja.

Kutaneni kila baada ya wiki mbili, saa mbili kamili, siku ileile na mahali palepale. Katika kila kikao jadilini kazi za watu wawili tu. Kila anayejadiliwa atume kurasa zisizozidi tano, siku tatu kabla, akiwa ameandika juu ya ukurasa wa kwanza swali analotaka lijibiwe: hoja yangu inaonekana, au sampuli hii inatosha, au aya hizi zinafuatana. Bila swali hilo wenzako watasahihisha tahajia, na utarudi nyumbani ukiwa na koma zilizopangika na hoja iliyolegea. Mwandishi akae kimya kwa dakika kumi na tano za mwanzo wakati wenzake wanaieleza kazi yake kama walivyoielewa. Ni dakika ngumu. Utasikia watu wakieleza kitu ambacho hukukusudia, na mkono utataka kuinuka kujitetea. Uuzuie, kwa sababu mtahini naye atasoma bila wewe kuwepo pembeni kumfafanulia.

Kuhusu mahali, pigeni hesabu ya foleni kabla ya hesabu ya uzuri wa ukumbi. Kikundi chetu kilikufa mara ya kwanza kwa sababu tulikubaliana kukutana Mbezi Beach saa kumi na moja jioni siku za kazi, wakati mmoja wetu alikuwa anatoka Mbagala. Kilifufuka tulipohamia maktaba siku ya Jumamosi saa tatu asubuhi, mahali panapofikika kwa daladala moja kutoka kituo cha mwendokasi. Usiweke michango, usiweke katiba, usiweke mweka hazina. Kila mtu anunue chai yake. Vikundi vya kitaaluma vinavyoanza kwa kuchangishana huishia kujadili nani hajachanga.

Sasa nieleze kikao kimoja, ili ionekane ninachokisema. Mwenzetu mmoja alikuwa anaandika tasnifu kuhusu wanawake wanaonunua samaki Soko la Feri na kuwakaanga mitaani. Kurasa zake tano zilikuwa za Kiingereza, na istilahi moja nzito ya maneno matatu, yenye kuhusu mikopo isiyo rasmi, ilijirudia mara tisa. Mfamasia mmoja aliyekuwa anasoma Muhimbili, asiyejua lolote kuhusu sosholojia, aliuliza kwa Kiswahili: "Huyu mama akichukua ndoo ya samaki asubuhi bila pesa, jioni anamlipa nani? Na samaki wakidoda?" Mwandishi akacheka kidogo, akaweka kalamu chini, akaanza kueleza. Alieleza juu ya mali kauli, jinsi ambavyo mchuuzi hutoa samaki kwa neno tu, jinsi anayeshindwa kulipa siku ya kwanza anavyopewa nafasi ya pili na yule wa siku ya pili anavyotafuta wa kumdhamini, na jinsi mdhamini huyo mara nyingi alivyo mama mwingine anayekaanga mtaa wa jirani. Alizungumza kwa takribani dakika kumi, na mmoja wetu alikuwa amewasha kinasa sauti cha simu. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililokuwamo katika kurasa tano alizotuletea. Aliyanakili maneno yake mwenyewe usiku ule, akayafasiri, na yakawa kiini cha sura yake ya nne.

Kikao hicho kilinifundisha jambo kuhusu lugha ambalo ningependa kila kikundi cha Dar es Salaam kilizingatie. Ukiacha wanaosoma Kiswahili, kama wale wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili wanaoandika tasnifu zao kwa lugha hii, wengi wetu huandika kwa Kiingereza kazi ambazo data yake tuliikusanya kwa Kiswahili. Kati ya mahojiano na ukurasa kuna kivuko, na mengi huzama hapo. Istilahi ya kigeni inaweza kumfunika mwandishi asijue kwamba hana hoja, au, kama ilivyokuwa kwa mwenzetu, asijue kwamba anayo. Kwa hiyo wekeni kanuni kwamba kazi iandikwe kwa lugha inayotakiwa na chuo, lakini kabla ya kuijadili, mwandishi aeleze hoja yake kwa Kiswahili kwa dakika tatu, kama anavyomweleza mjomba wake asiye msomi. Akishindwa, tatizo si la lugha.

Wanaosoma huku wakiwa kazini, au wenye watoto wadogo, wasidhani kwamba mpango huu si wao. Wapo wanaokutana kwa simu ya video saa tatu usiku, watoto wakishalala, na mwenye bando dogo huzima kamera na kubaki na sauti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewalea wasomi wengi ambao hawakuwahi kukaa hosteli siku moja. Ukizungumza na waliohitimu humo, wengi watakutajia mtu mmoja au wawili wa mkoani kwao waliokuwa wakisoma nao kwa kupigiana simu. Kinachohitajika ni miadi isiyohamishwa. Kikundi kikubwa cha WhatsApp cha darasa zima hakiwezi kuwa mbadala, kwa sababu humo tangazo la semina hupotea katikati ya salamu za asubuhi na rambirambi, na hakuna aliyebeba dhamana ya kumsoma yeyote.

Na kama unaona aibu, kumbuka kwamba mficha uchi hazai. Mlete mtu wa kwanza kurasa zako mbaya kabisa. Atapumua, kwa kuwa zake nazo ziko hivyo.

Hatua ya sita: Toka nje ya geti la chuo

Dar es Salaam imejaaliwa kuwa na taasisi nyingi za kielimu katika mji mmoja, na ni hasara kubwa kusoma hapa miaka mitatu ukizifahamu korido za jengo lako tu. Wa afya wana Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara yenye ofisi Mikocheni. Wa ardhi, makazi na mazingira wana Chuo Kikuu Ardhi, ambacho kiko jirani kabisa na Mlimani. Wa uchumi na sera wana REPOA, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo huandaa kongamano la utafiti. Wa historia na utamaduni wana Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama, ndiyo yenye dhamana ya kitaifa ya sayansi na teknolojia, na chini yake lilianzishwa Kavazi la Mwalimu Nyerere, ambalo lina hazina ya nyaraka na limekuwa mahali pa mijadala mizito kuhusu nchi yetu.

Wanaoandika kuhusu jinsia, kazi, ardhi au siasa za kila siku wawafuatilie TGNP Mtandao, wanaharakati wa jinsia wa Mabibo, ambao kwa miaka mingi wameendesha Semina za Jinsia na Maendeleo siku ya Jumatano alasiri. Humo utakaa na wasomi, lakini pia na mama wa soko kutoka Mabibo na mwanaharakati wa kata, na hoja yako itapigwa maswali na watu wanaoishi ndani ya jambo unaloliandika. Kwa wapenda vitabu kuna Soma, Mikocheni, mahali palipochanganya duka la vitabu na mkahawa.

Kabla ya kwenda popote, piga simu au pitia mitandao yao, kwani ratiba hubadilika. Ukifika, jiandikishe kwenye daftari la wageni kwa mwandiko unaosomeka na uache barua pepe. Mialiko mingi inayofuata hutoka kwenye daftari hilo.

Jambo hili la kujifunza nje ya ratiba lina mizizi ya kale hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Mlimani walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, yasiyo na alama wala cheti, na mnamo mwaka 1969 walianzisha jarida lao, Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1970. Baadhi ya waliokuwa vijana katika mijadala hiyo, akiwemo Issa Shivji, waliendelea kuwa wasomi wanaosomwa mpaka leo.

Hatua ya saba: Vuka mipaka kwa kiasi

CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lenye makao Dakar tangu mwaka 1973, hutoa mafunzo na nafasi kwa watafiti chipukizi. CARTA, muungano wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Afrika, imewalea wanauzamivu wa afya ya jamii na idadi ya watu ambao ni watumishi wa taasisi wanachama. AuthorAID, mtandao wa watafiti, umekuwa ukimkutanisha mwandishi chipukizi na mlezi wa uandishi kupitia intaneti, bila malipo. Wanaoshughulikia Kiswahili wana CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, chenye makongamano yanayokutanisha wataalamu wa ndani na wa nje. Chagua kimoja au viwili. Mwanafunzi anayeomba kila kongamano hubaki na maikhtisari mengi na sura zisizoandikwa, na kongamano linalodai ada kubwa kwa barua pepe iliyokuja bila kuombwa liulizie kwanza kwa walimu wako.

Hatua ya nane: Jilinde, na uwalinde waliokuamini

Si kila mkusanyiko wa wasomi ni wa kukaa. Ukitoka kwenye kikundi kila mara ukijiona mjinga na usijue cha kurekebisha, kikundi hicho kinajenga majina ya watu, hakijengi kazi, na huna deni la kubaki. Uhakiki mzuri unaweza kuuma, lakini hukuachia la kufanya kesho asubuhi.

Kuhusu wizi wa mawazo, hofu hiyo ni ya kweli, ingawa mara nyingi imekuzwa. Nilishapoteza wazo moja kwa mtu niliyemwonyesha muhtasari ukumbini bila kumfahamu. Sijapoteza hata moja ndani ya kikundi chenye watu wanne wanaojua tarehe niliyolileta. Tuma rasimu kwa barua pepe, ili tarehe ibaki, na kubalianeni mapema kwamba kazi ya mwenzako haipelekwi kwa mtu wa tano bila ruhusa yake. Vilevile, majina na sauti za uliowahoji si mali ya kikundi. Waliridhia kuzungumza nawe chini ya masharti ya maadili ya utafiti, kwa hiyo badili majina na ondoa kila alama ya kuwatambulisha kabla ya kutuma ukurasa wowote.

Neno moja zito zaidi. Msaada wa kitaaluma unaodai kukutana faraghani usiku, au unaoambatana na maneno juu ya mwili wako, si msaada. Hifadhi ujumbe, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, na utumie dawati la jinsia, ambalo sasa lipo katika vyuo vingi nchini. Kikundi chenye afya humsindikiza mwenzao hadi mlangoni.

Kikundi kinapopungua

Watu watahitimu, watahamishwa kazi, watajifungua, wataugua. Panga tangu mwanzo kwamba anayeondoka amlete mmoja wa kukaa kwenye kiti chake, aliye mwaka wa kwanza ikiwezekana, na kwamba katika kikao chake cha mwisho aache mambo matatu kwenye folda ya pamoja: pendekezo lake lililopitishwa, maoni ya watahini, na barua zote za vibali zikiwa zimefutwa namba binafsi. Folda yetu sasa ina kazi za watu saba. Mfamasia alipomaliza mwaka juzi alituletea kijana anayesomea usimamizi wa maji, mtu mkimya aliyekuja Jumamosi ya kwanza na kurasa mbili tu zilizoandikwa kwa mkono, akaziweka mezani na kusema kwamba kompyuta yake iko kwa fundi. Tulizipiga picha kwa simu, tukaanza kusoma.